Dawa ya sonona kwa maumivu ya neva haina maana kwamba "unajifanya"

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa na ya chama hapa Nairobi kuna ujumbe usiokoma: daktari akikuandikia amitriptilini, dawa ya sonona, kwa sababu miguu inawaka moto, ameshaamua una wazimu na maumivu ni ya kuwazia tu. Si kweli.

Neva iliyoharibiwa na kisukari au mkanda wa jeshi huendelea kutuma ishara za maumivu hata pasipo jeraha jipya. Ubongo nao una njia ya kuteremsha amri ya kuzipunguza hadi kwenye uti wa mgongo, kwa kutumia kemikali kama noradrenalini, ambayo hushika vipokezi vya seli na kufifisha ishara. Amitriptilini huifanya kemikali hiyo idumu zaidi. Ndiyo maana humsaidia hata asiye na sonona kabisa, ingawa, kusema kweli, si kila mgonjwa hupata nafuu.

Mkanganyiko unaeleweka. Dawa hii ilianza kutumika kwa sonona mwaka 1961, na karatasi ya ndani ya pakiti bado inataja sonona. Lakini tazama kipimo: kwa neva, wengi huanzishiwa miligramu 10 hadi 25 usiku, chini ya kile cha kawaida cha sonona. Mfamasia yeyote atakueleza.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Anayeuamini huacha dawa ghafla, akapata kichefuchefu na kukosa usingizi, na maumivu yakarudi.