Mashua haipandishwi kwa misuli pekee

Mahali pasipo gati, wengi hudhani kupandisha mashua ufukweni ni kukusanya vijana wengi na kuvuta. Vijana wanahitajika, lakini kazi kubwa hufanywa na maji. Unguja na Dar es Salaam, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Chombo kikiletwa maji yamejaa, kinaelea chenyewe hadi juu. Zinabaki hatua chache tu za magogo chini ya mkuku (uti wa mbao ulio chini ya chombo), lile linalochomoka nyuma likikimbizwa mbele.

Ila kuna mtego hapo. Ukikipandisha bamvua ikiwa kileleni, maji ya siku zinazofuata hayakifikii, na chombo kizito hukaa mchangani karibu wiki 2 kikingoja bamvua nyingine. Kama unataka kukitia kalafati (kuziba nyufa za mbao) na kukipaka deheni (mafuta ya kuzuia maji), hiyo ni nafasi nzuri kabisa. Kama unavua kesho, kiache chini zaidi.

Kukishusha nako, omo, yaani sehemu ya mbele, iyakabili mawimbi, msukume wimbi likishapita. Kikigeuka ubavu, kinajaa maji na kuwa kizito maradufu.