Usikate wimbo kabla haujachemka

Kila Jumapili saa nane mchana nawasha kipaza sauti hapa Morogoro na kuanza saa mbili za zilipendwa. Maswali ninayoulizwa sana ni nyimbo nazitoa wapi na nazichagua vipi. Nitayagusa, lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, na nalisikia karibu kila nikifungua redio za wengine: mtangazaji anaweka wimbo mzuri wa dansi, unapiga dakika tatu na nusu, kisha anaushusha taratibu na kuanza kusoma salamu. Hapo msikilizaji amepewa nusu ya wimbo.

Muziki wetu wa dansi wa miaka ya 70 na 80 una nusu mbili. Ya kwanza ni ya kisa. Magita yanafungua, mwimbaji anaeleza alivyokimbiwa na mke, au barua aliyoipokea kutoka kijijini, wenzake wanampokea kwa kiitikio. Kisa kikishaeleweka, mambo yanageuka. Tumba zinapanda, besi inaacha kutembea na kuanza kurukaruka, gita la solo linahamia kwenye nyuzi nyembamba na kung'ang'ania huko juu, waimbaji wanarudia maneno machache tu huku tarumbeta na saksafoni zikiwajibu. Hiyo ndiyo chemko. Wakongo wanaiita sebene. Ukumbini, watu waliokuwa wamekaa na bia zao wakisikiliza kisa, hapo ndipo walipoinuka.

Kwenye kituo nilichoanzia kazi, mkuu wa vipindi alitaka wimbo wowote usizidi dakika tatu na nusu. Nilikuwa mgeni, nikatii. Baada ya wiki chache mama mmoja akanitumia ujumbe: "Mwanangu, wali umetupakulia, mchuzi umeubakiza jikoni." Niliusoma ujumbe ule mara kadhaa nikiwa bado nimevaa vipokea sauti. Tangu nilipopata kipindi changu mwenyewe sijakata tena.

Kutokukata peke yake hakutoshi, kwa sababu nyingine zilishakatwa kabla hazijanifikia. Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, upande mmoja hubeba dakika nne au tano hivi. Wimbo wa dakika nane hauenei humo. Kwa hiyo waliugawa: upande wa kwanza kisa, upande wa pili chemko, na kwenye lebo wakaandika sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Miaka mingi baadaye mtu akaihamishia santuri hiyo kwenye kompyuta, akarekodi upande mmoja, akaridhika. Faili hilo ndilo linalozunguka kwenye simu za watu. Ukipata wimbo wa zamani unaofifia ghafla wakati magita ndiyo kwanza yanapamba moto, usidhani umeisha. Tafuta upande wa pili.

Nikishazipata pande zote mbili naziunganisha mwenyewe. Nasikiliza mwisho wa upande wa kwanza kabla sauti haijaanza kufifia, natafuta pigo la kwanza la duru ya gita, kisha natafuta pigo hilohilo mwanzoni mwa upande wa pili na kuliweka juu yake. Ni kazi ya dakika 20 nikibahatika, na jioni nzima nikikosa bahati, maana pande mbili za santuri moja mara nyingi hazilingani kwa ukubwa wa sauti wala kwa kelele za mikwaruzo. Mikwaruzo midogo naiacha. Ukiisafisha kupita kiasi, matoazi yanazama nayo na wimbo unakuwa kama unapigwa ndani ya blanketi.

Kanda ni habari nyingine kabisa. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983, na Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya santuri. Hazina kubwa ya muziki wa Dar es Salaam wa miaka ile ikabaki kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi iliingia studio, ikapiga yote kwa pamoja, ikarekodiwa kwa ajili ya kurushwa hewani. Kanda haikubanwa na ukubwa wa santuri, ndiyo maana nyimbo nyingi za Mlimani Park au Vijana Jazz tunazozipenda zinatembea dakika sita, saba na zaidi bila haraka. Wengi wenu mnazo kwenye kaseti mlizojirekodia nyumbani mkiwa mmekaa mbele ya redio-kaseti, kidole kwenye kitufe, na mwishoni inasikika nusu ya neno la mtangazaji. Msizitupe kaseti hizo. Mara nyingine huo ndio ushahidi pekee nilionao kwamba wimbo fulani ulikuwa na dakika mbili zaidi.

Kanda ina ugonjwa wake: mwendo. Mashine ikizunguka haraka kidogo wakati wa kuhamisha, wimbo mzima unapanda. Mwaka jana alinipigia simu mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mpiga besi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, wimbo ule uliopiga jana ni wetu, lakini yule anayeimba si mwenzetu. Huyo ni mtoto." Nilidhani amechanganya majina. Jumanne akaja studio na gita kavu lenye nyuzi tano. Tukaliweka sawa kwa kufuata piano ya kwenye simu, nikauwasha wimbo, naye akapiga noti ya chini ambayo, kwa kumbukumbu ya mkono wake, wimbo ulianzia. Hazikukutana. Akasogeza kidole fito moja juu, zikakutana palepale. Faili langu lilikuwa limepanda nusu sauti nzima, yaani lilikuwa likienda haraka kwa karibu asilimia 6. Katika wimbo wa dakika saba, hizo ni sekunde 24 zilizoliwa. Nilipolirudisha kwenye mwendo wake, sauti ya mwimbaji ikashuka na kupata kifua, na mzee akawa amelaza mkono juu ya meza akipiga vidole vinne, taratibu, mpaka mwisho. Sikumwuliza kitu.

Chemko pia ndiyo kitambulisho. Chukulia bendi ya NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Kikaja kuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo tunaiita Msondo Ngoma. Mtangazaji akisema "Msondo Ngoma" kwa wimbo wa miaka ya 60, amewapa watu jina ambalo bendi ilikuwa haijalipata. Na sauti peke yake haitakusaidia. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA, akawa miongoni mwa walioiasisi Mlimani Park mwaka 1978, baadaye akahamia Safari Sound, kisha akarudi kwa wenzake wa Msondo. Ukimsikia kwenye ubeti unajua ni yeye; hujui ni mwaka gani. Subiri chemko. Humo ndimo wanamoitana majina, wanamtaja mpiga solo, wanautaja mtindo wao: Sikinde, Msondo, Saboso, Segere Matata. Mwenye kukata wimbo dakika ya nne anaikata saini ya wenyewe, halafu anauliza wasikilizaji, "Hivi hii ni bendi gani?"

Si kila wimbo una urefu huo. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, hapahapa Morogoro, walikuwa wakimaliza habari ndani ya dakika tatu, na hakuna kinachopungua. Kwa hiyo nafungua na hao, nyimbo tatu au nne za mapema miaka ya 60, nafasi ya salamu ikiwa kati yake. Halafu naingia kwa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na hapo simu zinaanza, maana wazee wa mji huu hadi leo wamegawanyika kati ya hao wawili. Saa ya pili ni ya nyimbo ndefu. Ukiondoa matangazo ya biashara na maneno yangu, katika dakika 120 nabaki na kama 80 za muziki. Hizo ni nyimbo 13 au 14. Mtu akiniambia ni chache, namwambia ni nzima.

Kitu cha mwisho ni saa ya ukutani. Saa kumi kamili inaingia taarifa ya habari, na taarifa haimngoji mtu. Kwa hiyo wimbo wa kufunga naupanga kuanzia mwisho kurudi nyuma. Ukiwa na dakika 7 na sekunde 40, naongeza sekunde 20 za kuaga, basi lazima uanze saa tisa na dakika 52 juu ya alama. Nikichelewa kufika hapo, kinachopungua ni maneno yangu. Nimewahi kuaga kwa kusema jina la bendi tu. Ikibidi sisemi hata hilo: nauacha wimbo uchemke mpaka pigo la mwisho la tumba, sekunde mbili za kimya, kisha mlio wa saa.