Modi ya Mwisho Haishindi Chochote

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea kompyuta yake nyumbani, akaifungua mezani na kuniomba nitazame. Gemu ilikuwa Star Wars: Knights of the Old Republic II, ile ya kampuni ya Obsidian iliyotoka Desemba 2004, na alikuwa ameiwekea modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki. Alikuwa amefika sayari ya Telos, kule kwenye barafu, ndani ya chuo cha siri cha Atris. Handmaiden, mhudumu wa Atris, alitakiwa awe mbele yake kwa mavazi meupe. Aliyesimama pale alikuwa kinrath, mnyama wa gemu hiyo: miguu ya buibui, mgongo umeinuka, na sauti inayotoka ni ya mwanamke, maneno yote yako sawa, mazungumzo yanaendelea kama kawaida.

"Kaka, sielewi," akasema. "Modi nilizipanga vizuri kabisa. Ile kubwa nimeiweka mwisho ili ishinde."

Sentensi hiyo nimeisikia kwa miaka sasa, tena kutoka kwa watu makini wanaosoma maelekezo kabla ya kugusa kitu. Naeleza kwa mdomo, mtu anaelewa, anaondoka, mwezi unaofuata anakuja mwingine nayo ileile. Leo naiandika.

Najua inakotoka. Wengi wameanza kuweka modi kwenye Skyrim au Fallout 4, na kule ni kweli: kuna orodha ya programu jalizi, injini, yaani programu inayoendesha gemu, inaisoma kutoka juu kwenda chini, na mbili zikigusa kitu kimoja ile ya chini ndiyo inayosikilizwa. Ni elimu sahihi kwa gemu zile. Gemu yetu inaendeshwa na injini ya Odyssey, ambayo BioWare waliikuza kutoka Aurora, injini ya Neverwinter Nights ya 2002, na humo hakuna orodha ya namna hiyo hata ukiitafuta kwa tochi.

Injini inachofanya ni kutafuta faili kwa jina na aina yake. Inaanza kwenye folda ya Override. Ikikosa huko, inaangalia faili ya .mod ya eneo ulilopo. Kama haipo, inasoma .rim za eneo hilo. Ikikosa na huko, inapitia chitin.key hadi kwenye hifadhi kuu za gemu. Ikilipata jina, inachukua faili nzima na kuacha kutafuta. Haichanganyi faili mbili, haijui nani aliandika nini, na neno "modi" kwake halipo. Ukishanakili vitu ndani ya Override, modi zako zote zimekufa kama modi. Zimebaki faili tu, na mbili zenye jina moja haziwezi kukaa folda moja, kwa hiyo ya pili imeifuta ya kwanza.

Hapo mtu ananijibu: si ndiyo kusema ya mwisho imeshinda? Kwa picha ya koti la mhusika kama Kreia, ndiyo. Kwa sauti ya taa-saber, ndiyo. Na kwa kuwa modi nyingi watu wanazopakua ni za picha, imani hii inapita mtihani mara tisa kati ya kumi, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Ingekuwa inakosea kila siku, ingeshakufa zamani.

Inakosea kwenye faili za .2da. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo kinrath alipozaliwa.

Faili ya .2da ni jedwali: mistari na safu, kama daftari la duka. Iko appearance.2da inayoorodhesha kila mwili uliomo kwenye gemu, iko heads.2da ya vichwa, iko spells.2da ya nguvu za Force, na nyingine nyingi. Kila mstari una namba. Mhusika naye ana faili yake ya .utc, na ndani ya faili hiyo hakuna mahali palipoandikwa "mpe mwili wa Handmaiden". Kumeandikwa namba. Injini inachukua namba, inakwenda kwenye appearance.2da, inahesabu hadi mstari huo, na chochote kilichopo pale ndicho unachokiona kwenye skrini.

Sasa tuseme jedwali la asili linaishia mstari wa 699. Mtunzi wa kwanza ametengeneza mwili mpya wa Handmaiden, anauongeza mstari wa 700, na kwenye .utc ya Handmaiden anaandika 700. Mtunzi wa pili, hawajuani kabisa, ametengeneza kinrath mpya mwenye rangi nyingine. Naye ameanza na jedwali la asili, naye anauongeza mstari wa 700. Kila modi peke yake ni salama na imejaribiwa. Kijana wangu ameweka ya kwanza, halafu ya pili juu yake. Kompyuta imemuuliza kama abadilishe appearance.2da, kabonyeza ndiyo. Jedwali lililobaki ni la kinrath, ila .utc ya Handmaiden bado ipo, bado inasema 700. Injini imetii.

Modi ipi imeshinda hapo? Ya kwanza imepoteza mwili wake na ya pili imeazima mtu isiyemjua. Angezipanga kinyume, kinrath wa sayari ya Dantooine wangetokea na umbo la mwanamke. Mpangilio ungebadilisha nani anaharibika, basi.

Dawa yake ipo kwa miaka mingi na ni ya bure: TSLPatcher, programu ya kuweka modi (tunaiita pachi), na siku hizi HoloPatcher inayofanya kazi ileile. Modi iliyofungwa kwa pachi haiweki jedwali lake juu ya lako. Inakuja na maagizo kwenye faili iitwayo changes.ini: fungua appearance.2da utakayoikuta, iwe ya asili au iliyoguswa na watu kumi, ongeza mstari mmoja mwishoni, kumbuka namba iliyopatikana, kisha kaiandike namba hiyo ndani ya .utc. Ile "kumbuka" ndiyo roho ya kitu chote. Namba haiamuliwi na mtunzi nyumbani kwake, inapatikana kwenye kompyuta yako, wakati ule unapoweka. Mstari wa 700 ukiwa na mwenyewe, modi inachukua 701 na maisha yanaendelea. Kwa hiyo modi ikiwa na TSLPatcher, usiifungue ukachukua faili zake kwa mkono kwa sababu eti ni haraka. Na modi inayokuja na appearance.2da nzima bila pachi, mimi siiweki hadi niufungue mstari ule mpya na kuuhamisha mwenyewe kwa mkono.

dialog.tlk ni ugonjwa uleule. Maandishi yote ya gemu, kila jibu, kila jina la silaha, yamo ndani ya faili hiyo moja, kila sentensi na namba yake. Nimekuwa nikijaribu kutafsiri mazungumzo ya Peragus kwa Kiswahili, yale ya mwanzo kabisa unapomkuta mhusika Atton kwenye kizuizi cha umeme. Kwenye kichwa cha faili kuna namba ya lugha: 0 Kiingereza, 1 Kifaransa, 2 Kijerumani, 3 Kiitaliano, 4 Kihispania. Kiswahili hakimo, basi naandika ndani ya 0, na kwa kuwa herufi zetu hazina alama za juu, fonti za gemu zinaonyesha kila kitu hadi "ng'oa". Siku ya kwanza kumwona Atton akiongea na chini kunapita Kiswahili nilimwita mke wangu atoke jikoni aje aone. Kisha nikaweka modi moja ndogo ya silaha, nikabonyeza ndiyo bila kusoma, na ndani yake kulikuwa na dialog.tlk nzima. Kiswahili chote kikapotea. Silaha za modi nyingine, ambazo majina yake yalikuwa yameongezwa mwishoni mwa faili ile, zikaanza kuitwa "Bad StrRef". Wiki tatu za jioni zilikwenda namna hiyo. Sasa nina nakala sehemu mbili.

Msielewe kwamba nasema mpangilio hauna maana. Una maana kubwa, ila kwa sababu nyingine. TSLRCM, ule mradi wa kurudisha vipande vilivyokatwa, unatangulia kila kitu kwa sababu unaleta faili nzima nzima: maeneo ya .mod na dialog.tlk yake. Ukiuweka mwisho utafuta kazi ya wote waliotangulia. Ukiuweka kwanza, pachi zinazofuata zinauongezea juu. Kwa hiyo ile kubwa ambayo kijana aliiweka mwisho "ishinde" ndiyo iliyotakiwa kuwa msingi. M4-78, sayari ya madroidi, ni modi ya pembeni na inakuja baada ya hiyo.

Mahali ambapo pachi haisaidii napo niseme wazi. Modi mbili zikibadilisha mazungumzo yaleyale, faili moja ya .dlg, mara nyingi nazifungua zote mbili kwenye kihariri na kuunganisha matawi kwa mkono. Kuna siku nimeunganisha nikaridhika, halafu baada ya saa kumi za kucheza mhusika anarudia swali aliloshajibiwa, na siwezi kuapa kama kosa ni langu au lilikuwepo tangu 2004, maana gemu hii ilitoka na nyufa zake yenyewe. Skripti zilizokwisha kukusanywa, za .ncs, haziunganishiki kabisa. Unachagua moja.

Steam Workshop, sehemu ya duka la Steam ya kupakulia modi, ilizidisha tatizo, ingawa sasisho la kampuni ya Aspyr la 2015 lilituletea mengi mazuri, pamoja na skrini pana. Modi ya Workshop haiingii kwenye Override. Inakaa mbali, kwenye steamapps/workshop/content/208580, kila modi na folda yake. TSLPatcher haijui njia hiyo. Inafungua jedwali la asili, inaongeza mstari, inaweka Override, huku jedwali la modi yako ya Workshop limekaa kwingine likiwa na mistari yake. Majedwali mawili, injini inataka moja. Ukitaka zaidi ya modi mbili tatu, jiondoe Workshop na uweke kila kitu kwa mkono.

Na sevu, yaani mchezo uliouhifadhi. Kila eneo uliloingia linahifadhiwa ndani ya savegame.sav kama lilivyokuwa siku ile, na wenzako waliojiunga nawe wamehifadhiwa humo na namba zao. Ndiyo maana mtu anarekebisha Override vizuri kabisa, anafungua sevu ya jana, na kinrath bado yupo anamsubiri. Namba imeshagandishwa. Unaanza upya, au unarudi sevu ya kabla ya eneo lile.

Kijana aliponiambia kwamba alikuwa ameweka modi zaidi ya arobaini, nilimuuliza kwa nini. Akasema anataka gemu kamili, ile halisi. Hapo nilitulia, kwa sababu hamu hiyo naijua. Obsidian ilianzishwa 2003 na mwishoni mwa 2004 gemu ilikuwa dukani. Muda haukutosha na sote tunaliona pengo pale mwishoni, kwenye sayari ya Malachor. Lakini mashabiki wanabishana kana kwamba gemu kamili ilikuwa imefungiwa ndani ya diski ikisubiri ufunguo. Zilizokuwemo ni sauti zilizorekodiwa, mazungumzo nusu, na maeneo yasiyo na skripti. Waliotengeneza TSLRCM walilazimika kuandika viungo, kuamua nani aingie lini, na kukisia. Kiwanda cha madroidi ya HK kwa mfano: nakipenda, droidi HK-47 akiwakabili wale HK-50 ni sehemu ninayoirudia. Ila kila nikiicheza nahisi mwendo wa hadithi unasimama, na najiuliza kama walioikata hawakuwa na sababu zaidi ya muda. Sijafikia jibu. Ubishi wa kanoni hautoi jibu hapo, maana tangu Aprili 2014 Lucasfilm iliiweka hadithi hii yote kwenye rafu ya Legends, ya hadithi zisizo rasmi tena, vilivyokatwa na visivyokatwa pamoja.

Kompyuta ya kijana tuliifuta gemu yote, tukafuta na folda iliyobaki, maana kuiondoa kupitia Steam hakugusi ulichonakili mwenyewe. TSLRCM kwanza. Kisha zenye pachi, moja moja, tukisoma ujumbe wa kila moja. Picha mwisho kabisa, na palipokuwa na faili za picha .tga na .tpc za jina moja tukabakiza moja. Modi arobaini zikawa kumi na sita. Alisikitika kupoteza sevu, saa kumi na tisa za kucheza, lakini akaanza tena Peragus palepale mezani kwangu.

Ukitaka msaada wangu, usinitumie picha ya skrini yenye mhusika aliyegeuka. Nitumie installlog.rtf ambayo TSLPatcher imeiacha kwenye folda ya modi, na mistari yote ya maonyo na makosa usiifute.