Chakula cha Nyongeza: Mtoto Anaongezewa Nini, na Juu ya Nini?

Chakula cha nyongeza ni chakula chochote, kiwe kigumu, kilichopondwa au cha majimaji, anachopewa mtoto anayeendelea kunyonya pale ambapo maziwa ya mama peke yake hayakidhi tena mahitaji ya mwili wake. Kipindi chake huanza mtoto anapotimiza miezi 6 na huendelea hadi anapofikisha miaka 2 au zaidi. Neno linalobeba maana yote hapo ni "nyongeza", nalo ndilo linalosahaulika upesi jikoni. Kuongeza ni kuweka kitu juu ya kingine ambacho tayari kipo. Kwa hiyo chakula kinachomfanya mtoto apunguze kunyonya, bila kumrudishia alichokipoteza katika maziwa, hakijaongeza kitu, hata kama kimepikwa kwa mapenzi na kuitwa uji wa lishe.

Zamani wataalamu wa lishe nchini Tanzania waliviita vyakula hivi "vyakula vya kulikiza", na wapo wazee wanaolitumia jina hilo hadi leo. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, nalo ni neno lenye undugu na "likizo", yaani ruhusa ya kuondoka kazini au shuleni. Ni neno tamu, lakini lilikuwa na kasoro moja kubwa: lilitanguliza mwisho wa safari mahali pa mwanzo. Mama aliyeambiwa kwamba sasa anamlikiza mwanawe alikuwa na haki ya kuelewa kwamba uji umekuja kuchukua nafasi ya ziwa. "Nyongeza" ni neno kavu la ofisini, lakini kwa maoni yangu ndilo sahihi zaidi, kwa kuwa kuanza kula na kuacha kunyonya ni matukio mawili yanayotengana kwa muda mrefu. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, ambayo Waislamu wa pwani wanaijua vizuri, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha. Ukiiweka kando ya ile miezi 6 ya kliniki, hesabu inakuwa wazi kwamba mtoto hula na kunyonya kwa pamoja kwa mwaka mmoja na nusu.

Hiyo miezi 6 nayo ina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu ndiyo chanzo cha mivutano mingi kati ya bibi na mama wa mtoto. Mtoto wa miezi mitatu na nusu anapoketi mapajani mwa bibi yake wakati wa chakula, akakodolea macho kila tonge na mate yakamdondoka, bibi humgeukia mke wa mwanawe na kusema, "Mwanangu, huyu ana njaa, hebu mkorogee hata kauji." Mkwe hujibu kwa upole, "Mama, kliniki wamesema tusubiri miezi sita," na bibi huona kwamba vijana wa siku hizi wanawatesa watoto. Kinachosahaulika ni kwamba hadi mwaka 2001 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa kuanza kati ya miezi 4 na 6, na ni Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa Mei mwaka huo uliopitisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 kamili. Bibi aliyelea wanawe katika miaka ya 1980 huenda aliambiwa mwezi wa nne na wauguzi wa wakati ule, kwa hiyo si haki kumhesabu kuwa mjinga.

Mate na kukodoa macho vina maelezo mengine. Katika miezi ya tatu na ya nne tezi za mate huanza kufanya kazi zaidi, wakati mtoto bado hajajua kuyameza vizuri, na macho yake yameanza kufuata kila kinachosogea. Dalili za kuwa tayari kula ni nyingine: shingo imekaza, anaweza kuketi kwa kuegemezwa, na ulimi umeacha tabia ya kusukuma nje kila kinachowekwa mdomoni. Dalili hizo hukamilika kwa watoto wengi karibu na mwezi wa sita, na wakati huohuo akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto aliyezaliwa kwa wakati hutoka nayo tumboni huwa imepungua sana. Maziwa ya mama ni bora kwa mengi, lakini madini ya chuma ndani yake ni kidogo. Ndiyo maana kuchelewa hadi mwezi wa nane au wa tisa ni kosa kama lilivyo kosa kuwahi.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana hapo ndipo dhana hii inapopata au kupoteza maana yake. Mtoto wa kati ya miezi 6 na 8 anayenyonya vizuri huhitaji takriban kilokalori 200 (kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula) kwa siku kutoka katika chakula, zaidi ya zile anazozipata kwenye maziwa. Chukua kikombe cha uji mwepesi chenye mililita 200, uliokorogwa kwa vijiko viwili vya chakula vya unga wa mahindi, yaani gramu 20 hivi. Uji huo una kilokalori 70 tu, ilhali kiasi hichohicho cha maziwa ya mama kina kama 130. Ili afikie zile 200 mtoto angehitaji kunywa karibu vikombe vitatu, na tumbo la mtoto wa miezi 8 hubeba takriban mililita 200 kwa mara moja. Likishajaa maji yenye unga kidogo, mtoto hushiba, hulala, hanyonyi, na mama hufurahi kwamba uji umemkubali. Hali ya namna hiyo ikiendelea kwa miezi, inachangia udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, ambao katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano.

Kosa hili lina mzizi wa lugha pia. Mama huambiwa ampe mtoto chakula "laini", naye husikia "chepesi", wakati ulaini unahusu kukosa mabonge na nyuzi, si wingi wa maji. Kipimo kinachofundishwa ni rahisi: chota uji kwa kijiko, kiinamishe kidogo, nao ubaki juu ya kijiko badala ya kutiririka. Uji wa vijiko vitatu vya unga katika kikombe kilekile, ukatiwa kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa na kijiko cha chai cha mafuta, hufikia kama kilokalori 240. Kikombe hakikubadilika, kilichomo ndicho kilichobadilika.

Tatizo ni kwamba wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba, hivyo uji wenye unga wa kutosha huwa mzito kiasi kwamba mtoto huutema, na mama huongeza maji. Hapa ujuzi wa wazee una jibu zuri, nalo ni kimea. Ulezi au mtama ukilowekwa, ukaachwa uchipue kwa siku mbili au tatu, kisha ukaanikwa na kusagwa, unga wake huwa na vimeng'enya vinavyokata minyororo ya wanga. Kijiko kimoja kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulegea machoni pako kama umetiwa maji, ingawa hukutia hata tone, kisha huchemshwa tena ili kuua vijidudu. Mtama unahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa chipukizi zake zina kemikali inayoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu kali, na hivyo hutolewa kabla ya kusaga. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliueneza ujuzi huu katika miaka ya 1980, na wapishi wa togwa, kinywaji cha nafaka kinachotiwa kimea, huko Ruvuma walikuwa nao tangu zamani bila kuambiwa na mtu. Kimea kimepoteza heshima mijini kwa sababu watu hukihusisha na pombe, jambo ambalo binafsi naliona kuwa hasara.

Mahali pake pamechukuliwa na unga wa lishe wenye nafaka za kila namna: mahindi, ulezi, mtama, mchele, uwele na ngano, pamoja na soya, karanga na wakati mwingine dagaa, vyote vikisagwa kwa pamoja na kuwekwa kwenye ndoo kwa miezi miwili. Nafaka sita bado ni kundi moja la chakula, na kuzirundika hakumpi mtoto kile ambacho nafaka moja na aina moja ya mikunde haviwezi kumpa. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri huzuia protini kusagwa tumboni, na karanga na dagaa huharibu unga mapema kwa mafuta yao. Zaidi ya hapo kuna sumukuvu, inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni afadhali kusaga unga mkavu wa nafaka moja, kidogo kidogo, na kuongeza vingine wakati wa kupika.

Madini ya chuma, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuanza chakula, hayapatikani kwa wingi kwenye uji. Yako kwenye maini, nyama, kuku, samaki na dagaa, na kwa kiasi fulani kwenye maharage na mboga za majani. Familia nyingi humpa mtoto supu na kuwaachia wakubwa nyama, kwa imani kwamba nguvu yote imeingia kwenye mchuzi, kumbe protini na madini vimebaki kwa sehemu kubwa kwenye mnofu. Wachaga wana mtori, ndizi zilizopondwa pamoja na nyama, na huo unafaa mtoto akisagiwa na nyama yenyewe. Yai lililopikwa likaiva linaruhusiwa tangu mwezi wa sita, na ile imani ya baadhi ya jamii kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema haina msingi wowote. Chai ya rangi pamoja na chakula haifai, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa, na asali haitolewi kabla ya kutimiza mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wenye sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Kuhusu kiasi, mtoto huanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku. Kufikia mwezi wa tisa hula milo mitatu au minne ya nusu kikombe cha mililita 250, chakula kikiwa kimepondwa badala ya kusagwa, na baada ya mwaka mmoja hula chakula cha familia kilichokatwakatwa, kabla hakijatiwa pilipili na chumvi nyingi.

Jambo moja la kuangaliwa sana ni chupa ya chai. Mama anayetoka kwenda kazini hupika uji alfajiri, huujaza kwenye chupa, na msichana wa kazi humlisha mtoto kidogo kidogo hadi jioni. Saa za kwanza uji ni wa moto na salama, lakini unavyozidi kupoa hufika kwenye uvuguvugu ambao bakteria huupenda kuliko hali nyingine yoyote, na miezi hii ndiyo ambayo kuhara huwapata watoto zaidi. Unga ukiachwa tayari na uji mpya ukapikwa mara mbili kwa siku, tatizo hilo hupungua sana, na kikombe na kijiko husafishika kirahisi kuliko chupa yenye chuchu.

Mwisho ni sahani. Katika nyumba ambazo watu hula sinia moja, mtoto wa mwaka mmoja hushindana na kaka zake wenye mikono ya haraka, na akinyanyuka hakuna ajuaye amekula matonge mangapi. Akipakuliwa kwenye kibakuli chake, hata kile cha plastiki kilichopasuka ukingo, mlishaji huona kilichobaki, na akikuta nusu haijaguswa hujua kwamba usiku atanyonya zaidi, au kwamba kesho amjaribishe tena kwa subira bila kumshindilia.