Mgongo Ulishazibwa, Mbona Mtoto Anajikojolea Tena?

Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi (spina bifida, uti wa mgongo haukufunga akiwa tumboni), akafanyiwa upasuaji akiwa mchanga. Ana miaka saba na alikuwa anatembea vizuri. Sasa anajikwaa na ameanza kujikojolea. Anadeka?

Hadeki. Usimchape. Ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya pingili, huenda umegandamana na kovu la upasuaji. Mtoto anarefuka, ugwe umenaswa pale pale, basi unavutika na damu haiufikii vizuri. Dalili nyingine ni maumivu ya kiuno au miguu, unyayo kuanza kupinda, na mgongo kwenda upande. Hata mtoto ambaye hakuwahi kuwa na mgongo wazi anaweza kupata hali hii. Kishungi cha nywele, kishimo au uvimbe laini wa mafuta juu ya makalio uonyeshwe daktari mapema.

Nimpeleke wapi?

Kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Tanzania wapo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Kenya, hospitali ya Kijabe ina uzoefu mkubwa na watoto hawa. Uganda kuna hospitali ya CURE, Mbale. Omba rufaa, ubebe karatasi za upasuaji wa kwanza na picha zote za zamani. Mrekodi kwa simu akitembea, maana kwenye chumba cha daktari watoto hujikaza.

Kama ana shanti, yaani mrija wa kutoa maji kichwani, uliza kama imekaguliwa. Shanti iliyoziba inaweza kuleta dalili hizi hizi, na ndiyo huangaliwa kwanza. Akianza kutapika, kuumwa sana kichwa au kusinzia ovyo, usingoje tarehe ya kliniki. Mwahishe hospitali siku hiyo hiyo.

Waambie pia wahudumu watumie glovu na mipira ya mkojo isiyo ya lateksi (mpira wa asili). Watoto wa mgongo wazi hupata mzio wake kwa urahisi, na unaweza kuwa mkali.

Akifanyiwa upasuaji atarudi kama zamani?

Maumivu mara nyingi hupungua. Nguvu za miguu na uwezo wa kubana mkojo vinaweza kurudi au visirudi. Lengo kubwa ni kuzuia hali isizidi kuharibika, na ndiyo sababu kuchelewa kunaumiza. Akiendelea kukua, ugwe unaweza kunasa tena.

Na mkojo?

Hapa ndipo wazazi wengi hujisahau. Macho yote yako miguuni, kumbe kibofu kisichomwaga mkojo wote huharibu figo kimyakimya. Dawa yake ni mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo kila baada ya saa tatu au nne; mkojo ukiisha kutoka, mpira unatolewa. Unahitaji mikono safi na mpira safi. Muuguzi atakufundisha, na watoto wengi wakikua hujifanyia wenyewe.

Nimechoka, na mume wangu anasema ni mkosi.

Watafute wazazi wenzako: Tanzania kuna chama cha ASBAHT, Kenya kuna SHAK. Mama aliyekwisha kubishana na mwalimu kuhusu ruhusa ya chooni atakufaa kuliko kipeperushi chochote. Na mumeo aje kliniki mara moja, asikie kwa daktari.

Naweza kuzaa tena?

Ndiyo, lakini muone daktari kabla ya kushika mimba. Utahitaji foliki asidi, vitamini inayopunguza hatari ya mgongo wazi, ya miligramu 4 hadi 5 kwa siku, karibu mara kumi ya dozi ya kawaida, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla.