Pato linalofuata jodari: namna ya kusoma wastani wa kipato cha Kiribati

Kuna nchi katikati ya Pasifiki ambayo maji ya bahari yakipata joto upande wake, wastani wa pato la kila mwananchi hupanda. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa wala shamba lililoongezwa. Jodari wamehama tu, na pesa zimewafuata.

Nchi hiyo ni Kiribati, ambayo wenyewe huitamka "Kiribas". Ina visiwa 33 vyenye jumla ya kilomita za mraba 811 za nchi kavu, yaani kama nusu ya Unguja. Bahari iliyo chini ya mamlaka yake ya kiuchumi, kwa upande mwingine, ni takriban kilomita za mraba milioni 3.5. Sisi wa hesabu za taifa tunaipenda sana kwa kufundishia, kwa sababu pale vipimo viwili ambavyo kwingine hukaribiana vinaachana kabisa.

Tuanze na majina, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tunaposikia "Pato la Taifa" kwenye hotuba ya bajeti, mara nyingi huwa ni thamani ya kile kilichozalishwa ndani ya mipaka, hata kama mwenye kiwanda ni mgeni. Nitakiita pato la ndani. Kipimo cha pili huuliza swali jingine: wakazi wa nchi wamepata kiasi gani, iwe hapa au ng'ambo? Hicho nitakiita mapato ya taifa. Unachukua pato la ndani, unajumlisha mishahara, riba, gawio na malipo ya kutumia rasilimali (kama leseni za uvuvi) yaliyoingia kutoka nje, unatoa yaliyokwenda nje. Ukigawa kwa idadi ya watu, unapata kipimo ambacho Benki ya Dunia hutumia kupanga nchi katika madaraja. Ndicho kilichoiingiza Tanzania uchumi wa kati wa chini Julai 2020, kwa dola 1,080 kwa kila mtu.

Kwa nchi nyingi tofauti ya vipimo hivi ni ndogo. Kwa Kiribati, kwa miaka mingi mapato ya taifa yamekuwa juu mno ya pato la ndani. Sababu ni historia yake.

Kuanzia mwaka 1900 kisiwa chake cha Banaba kilichimbwa fosfati ya kutengenezea mbolea, nyingi yake ikaishia katika mashamba ya Australia na New Zealand. Wabanaba wengi walihamishiwa kisiwa cha Rabi, Fiji, mwaka 1945, na hasara yao haionekani katika wastani wowote. Fosfati ilikwisha mwaka 1979, mwaka uleule wa uhuru. Kati ya 1979 na 1981 pato la ndani kwa kila mtu lilishuka kwa zaidi ya nusu.

Kilichonusuru ni akiba. Mwaka 1956 utawala wa kikoloni ulikuwa umeanzisha mfuko uliotunza sehemu ya pesa za fosfati na kuziwekeza nje, na baada ya uhuru serikali ziliulea hadi ukavuka dola bilioni moja za Australia. Jirani yao Nauru, aliyekuwa na fosfati nyingi zaidi na utajiri uliosifika miaka ya 1970, alitapanya sehemu kubwa ya akiba yake. Faida ya uwekezaji wa mfuko huo huingia katika mapato ya taifa, si katika pato la ndani. Vivyo hivyo mishahara ya mabaharia wa Kiribati waliosomea Tarawa, kisiwa cha makao makuu, na kuajiriwa kwenye meli za Kijerumani. Lakini pesa anazotuma ndugu aliyehamia nje kabisa hazimo: hizo ni msaada wa familia, nazo zina safu yake nyingine.

Sasa jodari. Kiribati ni mmoja wa wanachama wanane wa Makubaliano ya Nauru, mkataba wa nchi za Pasifiki wa kusimamia kwa pamoja uvuvi wa jodari. Tangu mwisho wa 2007 kundi hilo huuza "siku za chombo": meli ya kigeni hulipia kila siku inayovua kwa nyavu za kuzungushia. Kabla ya hapo mara nyingi kila nchi ilijadiliana peke yake na kupunjwa. Bei ya chini ilipangwa kuwa dola 5,000 za Marekani kwa siku mwaka 2012, ikafika 8,000 mwaka 2015. Mwaka huo wa 2015 ulikuja El Niño mkali, maji ya joto yakasogea mashariki na jodari nao. Serikali ikakusanya karibu dola milioni 200 za Australia za leseni, zaidi ya mara tatu ya miaka michache iliyotangulia.

Ukichora mstari wa mapato kwa kila mtu, basi, usiusome kama kipimo cha bidii. Na angalia vitu viwili vinavyousogeza kimyakimya. Leseni hulipwa kwa dola za Marekani, lakini Kiribati hutumia dola ya Australia. Dola hiyo ilipodhoofika kati ya 2012 na 2015, hazina ilijaa zaidi huku takwimu ya kimataifa, inayohesabiwa kwa dola za Marekani, ikionyesha ongezeko dogo zaidi. Benki ya Dunia hupunguza mtikisiko huo kwa kutumia wastani wa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka mitatu. Kigawanyo nacho kimekua: sensa ya 1978 ilihesabu watu 56,000 hivi, ya 2020 karibu 120,000.

Tena pesa za leseni hufikia hazina kwanza, si jikoni kwa mtu. Njia mojawapo ya kuzifikisha ni mbata. Mwaka 2016 serikali ya Rais Taneti Maamau iliongeza maradufu bei inayolipwa kwa kilo, kutoka dola 1 hadi 2 za Australia, juu sana ya bei ya soko. Mkulima wa kisiwa cha mbali anayekausha nazi, kwa hiyo, analipwa kwa samaki ambao huenda hajawahi kuwaona.

Mwaka 2018 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa ilipendekeza Kiribati iondolewe katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kigezo cha mapato ilikuwa imekivuka, cha afya na elimu pia. Cha kuhimili misukosuko haikukivuka, na uamuzi ukaahirishwa.