Mwanamume hufuata sura, mwanamke hufuata pesa?

"Ndivyo tulivyoumbwa," husema wengi, kisha huita mageuzi ya viumbe kuwa shahidi. Utafiti wanaoutegemea zaidi ni ule wa mwanasaikolojia David Buss wa 1989, uliohoji watu 10,047 katika tamaduni 37. Kweli, tofauti hiyo ilionekana: wanaume walijali sura zaidi, wanawake kipato. Lakini wanaoutaja huishia hapo. Katika utafiti huohuo, wanaume kwa wanawake waliweka wema na akili juu ya sura na kipato. Hilo halisimuliwi, pengine kwa sababu halinogeshi mabishano.

Mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood walizipitia upya takwimu hizo: palipokuwa na usawa zaidi wa kijinsia, wanaume na wanawake walikaribiana zaidi katika kujali kipato cha mwenzi. Silika peke yake, naona, haitoshi kueleza badiliko hilo.

Na kuna kusema na kutenda. Mwaka 2008 Paul Eastwick na Eli Finkel waliwakutanisha wanafunzi wa chuo kwa mazungumzo ya dakika 4. Sifa walizodai kuzitaka hazikutabiri waliyevutiwa naye walipokaa ana kwa ana.